Masale Katika Shamba la Kaptula

Jumapili ile mchungaji alipopanda mimbarani na kutazama upande wa wanaume, alikuta mabenchi matupu. Upande wa wanawake ulijaa mpaka mlangoni, watoto wamepakatwa, kanga zimelowa. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hata sala ya kwanza ikabidi irudiwe kwa sauti.

Lydia alikuwa amebanwa katikati ya wenzake. Aliyekuwa kushoto kwake alimnong'oneza, "Kaka yako yuko wapi?"

"Amekwenda kutafuta mbuzi. Anasema amepotea."

"Hata mume wangu katoka alfajiri kutafuta mbuzi."

Mama wa benchi la mbele akageuka, bila kujali kwamba mchungaji anamwona. "Wangu naye anatafuta mbuzi. Na sisi hatuna mbuzi."

Kicheko kilimpanda Lydia kooni, akakiziba kwa kitabu cha nyimbo.

Nilikutana naye miaka kadhaa baadaye katika soko la Tengeru, nilipomsalimu kwa Kimeru changu kibovu naye akanijibu kwa Kiswahili, kwa huruma. Habari za kugawa mashamba makubwa nimezisikia katika nchi kadhaa na kwa lugha kadhaa, na karibu kila mara msimulizi alikuwa mtu wa ofisini na hadithi ilikuwa ya hekta. Lydia alinisimulia ya kwake huku akipanga nyanya mafungu mafungu, na mara mbili alicheka hadi akalazimika kukaa chini juu ya gunia.

Shamba lenyewe liko chini kidogo ya kijiji chao. Mlowezi aliyelianzisha alikuwa Mgiriki aliyevaa kaptula mwaka mzima, hata kwenye mazishi, na watu wakaliita shamba la Kaptula. Baada yake walikuja wengine wakaondoka. Mwisho hati ilishikwa na kampuni ambayo hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwona mwenyewe wake. Mibuni ikageuka kichaka, ngedere wakazaliana, na mlinzi mmoja mzee akawa anawafukuza watoto waliokwenda kuokota kuni.

Juu kijijini mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kihamba cha babu, lile shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kiligawanywa kwa wana, cha wana kikagawanywa kwa wajukuu, mpaka migomba ya mtu mmoja ikawa inaangushia majani yake kwenye paa la mwingine. Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na mizani yao na maneno matamu, bei ikapanda msimu mmoja na kuanguka uliofuata, na watu wakaanza kung'oa mibuni ili wapande nyanya. Vijana walishuka Arusha mjini kufuata watalii, au wakaenda Mererani kuchimba tanzanaiti na kurudi na vumbi kifuani. Halafu, baada ya zile mvua za El Nino, ikaja habari: serikali imefuta hati ya shamba la Kaptula kwa sababu halikuendelezwa, na ardhi itagawiwa kwa kaya zenye shida.

Kijiji kizima kilichanganyikiwa kwa furaha. Majembe yalikwisha madukani Tengeru. Mzee mmoja alinunua toroli kabla hajajua atabebea nini. Kwenye vilabu vya mbege watu walilima shamba lile kwa maneno kila jioni, wakavuna, wakauza, wakajenga nyumba za matofali, wakarudi nyumbani wakiimba.

Lakini chini ya furaha hiyo kulikuwa na wasiwasi. Wazee walikumbuka vizuri jinsi serikali ya kikoloni ilivyowahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki. Walikuwa wameviona vigingi vya serikali zamani, na waliviona vikihama. Kitu kimoja tu hawakuwahi kukiona kikihama, nacho ni isale. Huu ni mmea wa majani marefu, unaoshika hata ukichomekwa ardhini fimbo tupu, na pale mlimani ndio alama ya mpaka. Mtu akilipanda, limepandwa. Anayeng'oa isale la mwenzake hujiitia balaa nyumbani kwake, na hata vijana waliomaliza sekondari, ambao hucheka mambo mengi ya wazee, hili hawalicheki.

Basi kila mwanaume, kwa akili yake mwenyewe, alifikiri hivi: mpima ardhi anakuja Jumanne, Jumapili watu wote watakuwa kanisani, nikienda mimi peke yangu nikapanda masale yangu pale penye udongo mzuri, nani atayatoa?

Aminieli, kaka yake Lydia, alishuka na fungu la masale ndani ya koti la mitumba. Katikati ya mibuni, kwenye mvua ile, aligongana na Elinaza, mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Unatafuta nini huku, Aminieli?"

"Mbuzi, mzee. Na wewe?"

"Mbuzi."

"Na hayo majani kwapani?"

"Ya kumfungia," alisema Elinaza. "Na yako?"

"Ya kumfungia."

Wakaagana kwa heshima. Hatua chache mbele Aminieli alimkuta mwingine amechuchumaa, halafu mwingine, halafu watatu waliojifanya wanasali chini ya mgrevilea. Hakuna aliyerudi nyumbani. Kila aliyemwona mwenzake alipanda haraka zaidi, na pale alipokosa nafasi alipanda katikati ya masale ya mwenzake. Ibada ilipokwisha, shamba lote lilikuwa limechomekwa mipaka inayopita juu ya mipaka.

Lydia hakuwa na mume wa kumpandia. Alikuwa ameolewa upande wa Usa River, mume akaleta mke mwingine, na yeye akarudi nyumbani na binti zake wawili. Aminieli alimpokea vizuri. Alimwonyesha kona ya kihamba, akamsaidia kusimamisha nyumba ya mbao, akampa mstari wa migomba. Lakini kwa mila yao binti akirudi hupewa mahali pa kukaa, si mahali pa kumiliki, na watoto wa Aminieli walikuwa wavulana watupu. Mkubwa wao alikuwa amechumbia. Msimu wa mavuno ukipita, nyumba yake ingejengwa pale pale palipokuwa na nyumba ya Lydia, maana pengine popote hapakuwepo. Hakuna aliyemfukuza. Kila mtu alimwonea huruma. Lakini kila alipouliza aende wapi, watu walianza kuzungumzia mvua.

Kwa hiyo shamba la Kaptula halikuwa kwake ndoto ya nyumba ya matofali. Lilikuwa mahali pa kulala mwaka ujao.

Mpima ardhi alifika Jumanne na gari la wilaya, bikoni zake za zege za kuwekea mipaka, tepu zake na chombo chake cha kuchungulia kilichosimama juu ya miguu mitatu. Aliitwa Abdulrahman, mtu wa Pangani, mnene kidogo, mchangamfu, aliyevaa sweta mbili kwa baridi ya Meru. Aliajiri vijana wa kijiji wamkatie njia za kupimia. Wakaingia shambani, wakasimama.

"Vipi?" aliuliza.

"Masale, mzee."

"Nayaona. Kateni."

"Hatuwezi. Yana wenyewe."

"Haya majani? Kwetu tunayapanda kwenye makopo barazani!"

"Basi ng'oa wewe, mzee."

Abdulrahman aliinama, akashika shina moja, akainua macho. Vijana wote walikuwa wamerudi nyuma, na mmoja alikuwa amegeuza uso asione. Akaliachia taratibu.

"Nina watoto wadogo," alisema, akaenda kumtafuta mwenyekiti.

Mkutano uliitwa alasiri hiyo hiyo kwenye uwanja wa shule. Abdulrahman hakuficha kitu. Gari na vifaa alikuwa navyo mpaka Jumamosi tu, baada ya hapo vinahitajika wilaya nyingine. Ardhi isipopimwa sasa, kazi itasogezwa mpaka bajeti mpya, na mwekezaji wa mashamba ya maua alikuwa tayari amekwisha kuonekana mkoani akiuliza maswali. Vilevile hakuna mtu atakayekubali kipande chenye isale la mtu mwingine ndani yake. Kwa hiyo waliopanda watoke, wakayang'oe.

"Lakini kabla ya hapo," alisema, "kila kaya itapata kipande kimoja. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Kuna swali?"

Lydia alisimama. "Na mwenye chungu chake, ila amekaa kwenye kihamba cha kaka yake?"

Elinaza alimwahi mpima kujibu. "Mama, wewe uko kwa Aminieli. Tulishakuandika huko."

"Mwenye kaya ndiye aseme," alisema Abdulrahman. "Kaka yake akithibitisha kwamba dada anapika peke yake na anajitegemea, kwangu mimi hizo ni kaya mbili."

Watu wote walimgeukia Aminieli. Aliinama, akafuta tope kwenye kiatu kwa kiatu kingine. Ni lazima mtu aelewe alichokuwa anaombwa. Kwao mwanaume akisema mbele ya watu kwamba dada yake aliyerudi hali chakula chake, amesema kwamba amemwachia njaa mtoto wa mama yake. Atasemwa kilabuni, atasemwa kanisani, na wakwe watarajiwa wa mwanawe watasikia.

"Dada yangu anakula kwangu," alisema Aminieli.

Ulikuwa uongo mtupu. Tangu arudi, Lydia alikuwa amenunua chumvi yake, kuni zake na kibiriti chake. Alikaa chini kama mtu aliyesukumwa.

Elinaza akakohoa. "Tuendelee. Ni nani aliyepanda masale katika shamba la Kaptula?"

Wanaume walitazama mlima kana kwamba umeletwa leo.

"Nauliza tena. Hakuna aliyekuwa shambani Jumapili?"

Macho hayakushuka mlimani. Hapo Lydia, ambaye macho yake yalikuwa bado na machozi ya lile jibu la kaka yake, alianza kucheka. Alijaribu kujizuia akashindwa.

"Mama! Unacheka nini?"

"Nacheka mbuzi, mwenyekiti."

"Mbuzi gani?"

"Wale mliokuwa mnawatafuta. Walipatikana?"

Uwanja ukalipuka. Wanawake walicheka wakashikana mabega, wakaangushiana vichwa mapajani, na Abdulrahman akajificha nyuma ya mkoba wake. Wanaume hawakucheka. Elinaza alipiga meza.

"Binti aliyerudi nyumbani anacheka wazee mkutanoni! Haitapita hivi. Utaomba radhi. Si hapa kwa jumla, hapana! Utapita nyumba kwa nyumba kwa miguu yako, umwombe kila uliyemcheka."

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Lydia alipanga nyanya zake Tengeru kama kawaida, kando ya Faudhia, mwuza mitumba kutoka Elerai, ambaye alikuwa amefanya naye biashara muda mrefu. Alimweleza yote, la masale na la Aminieli.

"Kaombe radhi yaishe," alisema Faudhia, akikung'uta suruali. "Neno moja tu. Kinakuuma nini?"

"Kwetu radhi haiombwi kwa mdomo mtupu, Faudhia. Unakwenda na isale mkononi. Na mtu akiletewa isale hana ruhusa ya kulikataa, hata kama umemwulia ng'ombe."

"Hata akiwa hataki?"

"Hata akiwa hataki."

"Mila kali hizo. Na utawapelekea wangapi?"

"Amesema kila niliyemcheka." Lydia alisimama na nyanya mkononi. "Kila niliyemcheka."

"Eeh. Sasa?"

"Nani niliowacheka?"

"Si hao watafuta mbuzi..." Faudhia akatazama uso wa Lydia, halafu akalitwanga lundo la suruali kwa kiganja. "Wewe mwanamke! Wewe ni shetani wa mchana! Atakayelipokea jani lako amekubali kwamba alikuwa shambani!"

"Na asiyelipokea amekataa isale."

"Funga biashara! Nyanya zako naziuza mimi. Nenda, nenda, nenda!"

Lydia alipanda mlima karibu anakimbia. Alikata majani ya isale kwenye mpaka wa kihamba, akayafunga kwa ukoka, na akaanza na nyumba ya mwenyekiti, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Elinaza alikuwa anakunywa chai. Alipoliona jani, kikombe kilibaki hewani.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kama ulivyoagiza. Nilikucheka mkutanoni, naomba unisamehe."

"Si lazima uanze na mimi."

"Wewe ndiye uliyesema kila niliyemcheka. Niliwacheka waliokwenda shambani. Kama wewe hukwenda, mzee, basi sikukucheka, naondoka na jani langu. Nitawaambia vijana kwamba masale yale ya kando ya mto hayana mwenyewe, wayang'oe."

Elinaza alirudisha kikombe mezani. Kutoka jikoni sauti ya mkewe ilisikika: "Pokea, baba. Mbuzi wako wanakungoja huko."

Alilipokea. "Yamekwisha," alisema kwa shida.

"Asante, mzee. Basi twende ukayatoe."

Mwenyekiti wa kijiji alishuka barabarani akiwa na jembe begani na Lydia nyuma yake, na waliowaona waliacha kazi wakafuata. Nyumba ya pili haikuchukua hata muda wa kukaa. Mwenye nyumba alimwona Elinaza getini na jembe, akaelewa. Wa tatu alijaribu kutokea mlango wa nyuma, akamkuta mama mkwe wake amesimama huko mikono kiunoni. Mzee wa toroli alilipokea jani, akaomba radhi yeye, akalia kidogo, akaja na toroli lake, na hatimaye likapata kitu cha kubeba.

Ikawa kama harusi. Siku iliyofuata watu hawakungoja Lydia afike kwao, walimtafuta. "Lydia, ulinisahau mimi!" "Mimi hukunicheka?" "Nilikucheka, baba, nilikucheka sana!" "Haya, lete jani!" Shambani kila mtu aling'oa la kwake, huku wakigombana ni lipi la nani, wakitambuana kwa jinsi yalivyokatwa, wakitaniana.

"Hili hapa umelipanda kichwa chini!"

"Mvua ilikuwa kali!"

"Mvua au aibu?"

Wanawake walipiga vigelegele kila mstari ulipofunguka, na nyuma yao Abdulrahman alikuja na tepu, jasho likimtoka ndani ya sweta zake mbili, akipiga kelele, "Nyoosheni! Nyoosheni! Jamani tunaweza kumaliza!"

Jioni ya Alhamisi palibaki kona moja karibu na mfereji, yenye mistari miwili iliyonyooka vizuri. Ilikuwa ya Aminieli, kwa ajili ya wanawe wawili.

Dada yake alimkuta anakata majani ya ng'ombe. Lydia alipiga magoti na kumnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Inuka," alisema Aminieli. "Mimi ni kaka yako. Usiniletee hilo."

"Nilikucheka, kaka."

"Najua. Ulinicheka kuliko wote."

"Ndiyo. Naomba unisamehe."

Alilipokea, akalishika kama kitu cha moto. "Yamekwisha. Nitakwenda kuyatoa sasa hivi, huna haja ya kunisindikiza."

"Hayo ya shambani najua utayatoa. Kuna la pili." Bado alikuwa amepiga magoti. "Jumamosi, ukiitwa, sema kweli kuhusu chungu changu."

"Unataka nisimame mbele ya watu niseme simlishi dada yangu."

"Hunilishi, kaka. Na sijawahi kukulaumu."

"Kuna kweli za kusema ndani ya nyumba, Lydia. Hii siyo ya uwanjani." Akachukua panga lake. "Jani moja, jambo moja. Umeomba msamaha, nimekupa. Hilo lingine usilifunge humo humo."

Akaondoka. Lydia alibaki pale mpaka ng'ombe akaja kumnusa bega.

Ijumaa Abdulrahman na vijana walipima tangu jua kuchomoza, na Jumamosi asubuhi bikoni za zege zilikuwa zimesimama ardhini, nyeupe kama meno mapya. Kijiji chote kilikuwa shambani, kimevaa nguo za Krismasi. Namba za vipande ziliandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa katika chungu cha kupikia ndizi. Elinaza aliita jina, mtu akaja, akachovya mkono, akasoma namba kwa sauti, na kabla hajamaliza kuisoma watoto wake walikuwa wamekwisha kukimbia kuitafuta. "Hii hapa! Baba, hii hapa! Ina mparachichi!" Mwanamume mmoja mzima alijitupa chini kwenye kipande chake akajigaragaza kama punda. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu wengine wawili walikuwa wanafanya hivyo hivyo.

"Aminieli!"

Alikuja polepole, ameshonea kifungo cha koti uzi wa rangi nyingine. Lydia alikuwa amesimama na binti zake, mikono ameikunja juu ya kifua. Aminieli alitia mkono kwenye chungu, na mkono ukakaa humo.

"Chukua, baba, watu wanangoja," alisema Elinaza.

"Kabla sijachukua, andikeni jiko jingine."

"Jiko la nani?"

"La Lydia. Hali kwangu."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi. Mtu akauliza kwa nyuma, "Anamnyima dada yake chakula?"

Aminieli aligeuka. Uso wake ulikuwa umevimba kwa damu. "Ndiyo! Simpi! Tangu arudi hajala kwangu. Kuni zake, chumvi yake, kibiriti chake! Nikimpelekea mkungu wa ndizi ananirudishia nyanya, hataki kudaiwa fadhila! Mkutanoni nilisema uongo. Andikeni kwamba Aminieli ni mchoyo, lakini mwandikeni na yeye!"

"Kwenye fomu yangu hakuna mahali pa uchoyo," alisema Abdulrahman, kalamu tayari. "Mahali pa kaya papo."

"Ngoja kwanza," alisema Elinaza, na alichokisema hakikuwa cha kijinga. "Tukimwandika huyu, kesho kila dada aliyerudi atataka. Vipande vitapungua kwa wote."

"Wako wangapi?" aliuliza mpima.

Upande wa nyuma, mwanamume mwingine akainua mkono, amekunja uso kama anayeng'olewa jino. "Kwangu yupo mmoja. Na mimi ni mchoyo." Kicheko kikaanza. Akainuka wa tatu, "Mchoyo mwingine hapa!" na wa nne alisukumwa mbele na mkewe. Wengine walinung'unika, na wana haki ya kunung'unika, maana Abdulrahman alirudi na tepu yake, na kila mmoja kwenye ukanda wa chini alipoteza hatua kadhaa za ardhi. Ilimchukua mpaka machweo. Dereva wa gari la wilaya alimpigia honi kwa hasira, naye mpima akajibu kwa tepu, akiipunga hewani.

Kipande cha Lydia kiliangukia pembeni, kwenye mawe, lakini kwa juu kinapitiwa na mfereji. Alijenga kabla mavuno hayajaisha, kwa mbao zile zile za nyumba ya zamani, na Aminieli alibeba nguzo. Jirani yake wa upande wa pili, aliyechovya mkono na kupata namba iliyofuatana na yake, alikuwa Elinaza.

Asubuhi moja, nyanya zake za kwanza zikiwa zimeshika, Lydia alifungulia maji kutoka mferejini. Mara akasikia, "Lydia! Wewe Lydia! Nani amekuruhusu kugeuzia maji huko? Leo ni zamu yangu, na hilo jiwe umelisogeza kwangu!"

Alisimama na jembe. Ilimchukua muda kuelewa kilichokuwa kinamtokea. Katika maisha yake yote alikuwa ameonewa huruma, amepokelewa, ameombewa. Hakuna mtu aliyewahi kumgombeza juu ya mpaka.

"Zamu yako ilikuwa jana!" alipiga kelele, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa ukubwa. "Na jiwe liko kwangu, njoo tupime!"

"Nije nipime? Mimi mwenyekiti?"

"Njoo na tepu, mwenyekiti, na uje na mkeo awe shahidi!"

Waligombana mpaka watu wa barabarani wakasimama. Huko juu Aminieli alisikia sauti ya dada yake, akatupa panga, akashuka mbio kupitia migombani, akafika akihema, viatu mkononi.

"Kuna nini? Anakufanyia nini?"

Lydia alikuwa kwenye matope mpaka magotini, kilemba kimelegea, macho yanawaka.

"Rudi nyumbani, kaka," alisema. "Huu ugomvi ni wangu."